Kugawa Kichupa cha Avastin: Hatari Ipo, ila Si Pale Tunapoitafuta

Mgonjwa wa kisukari anayevuka ziwa kutoka Nansio kuja kliniki ya macho Mwanza ana haki ya kushtuka akiambiwa Avastin, dawa ya kudungwa jichoni kwa uvimbe wa retina, iliundwa kutibu saratani ya utumbo, tena kichupa ni cha kushirikiana. Matone hayamsaidii, hayafiki kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa kiwango cha kutosha.

Wanaopinga kugawa kichupa wana hoja. Avastin haina kihifadhi, na kichupa cha miligramu 100 katika mililita 4 kilikusudiwa mtu mmoja. Bakteria wakiingia wakati wa kugawa, wote waliodungwa kutoka humo wako hatarini kwa pamoja. Tena, utafiti wa Marekani wa 2015 ulionyesha kwamba uvimbe wa retina wa kisukari ukishashusha uoni hadi 6/15 (kuona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima huona kwa mita 15) au chini, aflibasepti, dawa nyingine ya jicho iliyo ghali zaidi, hufanya vizuri kuliko Avastin mwaka wa kwanza.

Ila dozi ya jicho ni miligramu 1.25 tu, yaani mililita 0.05. Kwa hesabu kavu kichupa kina dozi 80. Hata nusu ikipotea, bei kwa kila jicho inashuka mno. Na bei ndiyo inayoamua, kwa sababu ugonjwa huu hauishi kwa sindano moja. Mwanzoni hudungwa kila mwezi, kwa miezi kadhaa. Anayemudu sindano moja ya dawa ghali kisha akakosa nauli, maji hurudi kwenye retina, na uvimbe ukikaa muda mrefu chembe za kuonea hufa. Hata akija baadaye na fedha mkononi, uoni ule haurudi wote. Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa hii kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2013, na kwa kipato cha wavuvi wetu naona lilifanya sawa.

Kinachopofusha ni uzembe: kutoboa kifuniko kilekile wiki baada ya wiki, kichupa kikikaa kwenye friji ambayo umeme wake hukatika. Dozi zote zivutwe kwa mkupuo mmoja ndani ya kabati la hewa safi, kila moja kwenye bomba lake, zitunzwe kwenye nyuzi 2 hadi 8 bila kugandishwa. Jicho lisafishwe kwa povidoni ayodini ya asilimia 5, dawa ya kuua vijidudu, sindano iingie milimita 4 kutoka ukingo wa konea (kioo cha mbele ya jicho), 3.5 kwa mwenye lenzi bandia. Namba ya kichupa iandikwe kwenye kadi ya kila mgonjwa: mmoja akirudi jicho jekundu, lenye maumivu na ukungu, wenzake wapigiwe simu saa hiyohiyo, kabla boti ya mwisho haijaondoka.