C ya Anatomia Inakuacha Nje ya Mlango

"Pata C yako, songa mbele." Ushauri huo umezunguka tena kwenye magrupu ya Waswahili wa Marekani, safari hii kwa ujumbe wa sauti unaowahimiza CNA, wasaidizi wa wauguzi, wajiandikishe Anatomia na Fiziolojia ya kwanza muhula ujao bila kupunguza hata zamu moja ya kazi. Anayesema anawatakia watu mema, hilo linasikika. Lakini ukimfuata unaweza kukaa nje ya programu ya uuguzi kwa miaka, huku transkripti yako, rekodi rasmi ya alama, ikionyesha umefaulu kila somo.

Naongelea ADN ya chuo cha jamii, ile digrii ya uuguzi ya miaka miwili inayokufikisha kwenye NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya muuguzi aliyesajiliwa (RN). Mwenye digrii ya miaka minne anafanya mtihani huohuo na anapata leseni hiyohiyo. Ni njia nafuu, kwa hiyo foleni ni ndefu. Na viti haviongezeki kwa kujenga darasa jipya. Kinachobana ni walimu wenye shahada ya uzamili na nafasi za mafunzo wodini, ambako majimbo mengi yameweka idadi ya wanafunzi ambao mwalimu mmoja anaweza kuwasimamia. Waombaji wakizidi viti, chuo kinawapanga kwa alama kuanzia juu, kinahesabu viti vyake, kinapiga mstari.

C inakuruhusu kujaza fomu. Kazi yake inaishia hapo.

Tupige hesabu. Vyuo vingi vinatazama kwa makini GPA, yaani wastani wa alama, ya masomo ya sayansi: Anatomia ya kwanza, Anatomia ya pili na Mikrobaiolojia, kwa kawaida krediti 4 kila moja. A ni 4, B ni 3, C ni 2. Mwenye C moja na A mbili ana 3.33. Mwenye A moja na B mbili naye ana 3.33. Yaani ukishachukua C, unahitaji A mbili safi ili umfikie tu yule aliyekwenda kwa B na B na A. Na mwenye C kwenye Anatomia ya kwanza anapataje A kwenye ya pili, wakati ya pili imejengwa juu ya ya kwanza? Moyo huwezi kuuelewa kama hukuelewa jinsi sodiamu inavyoingia kwenye seli na potasiamu inavyotoka. Figo ndiyo kabisa.

"Si nitarudia?" Soma kwanza mwongozo wa programu unayoitaka, mstari kwa mstari. Kuna vyuo vinavyohesabu alama ya juu zaidi. Vingine vinachukua wastani wa zote mbili, kwa hiyo C yako ikifuatwa na A inasomeka B. Vingine vinahesabu alama ya mara ya kwanza tu. Na vipo vinavyomkataa kabisa mtu aliyerudia somo la sayansi zaidi ya mara moja ndani ya miaka kadhaa. Juu ya hayo, masomo ya sayansi yana muda wa kuisha, mara nyingi miaka mitano, kwingine saba. Wapo dada zetu waliomaliza Anatomia, wakajifungua, wakasubiri mtoto aanze shule, wakarudi kukuta krediti zile hazipokelewi tena.

Kwa nini C inatupata sana sisi? Akili tunazo. Tatizo ni dabo, yaani zamu mbili za saa 8 mfululizo. Mbeba boksi anayepiga dabo tatu na zamu mbili za kawaida kwa wiki anafanya kazi saa 64. Weka usingizi wa saa 7 kila usiku, ni 49. Wiki ina saa 168, zinabaki 55. Anatomia inadai takriban saa 3 za mhadhara, saa 3 za maabara, na saa 2 hadi 3 za kujisomea kwa kila krediti, jumla 14 hadi 18. Kwenye karatasi inatosha kabisa, na ndiyo maana watu wanajidanganya. Ondoa barabara, jiko, watoto, kanisa au msikiti, simu za nyumbani. Kinachobaki ni vipande vya nusu saa vya mtu aliyetoka kugeuza wagonjwa usiku kucha. Majina ya misuli hayakai kwenye kichwa ambacho hakijalala.

Halafu tunaanza vibaya. Mtihani wa kwanza kwa kawaida unakuja wiki ya nne au karibu na hapo, na unahusu kemia ya mwili, seli na tishu, mambo ambayo mtu aliyemaliza kidato miaka kumi na mitano iliyopita ameyasahau. Unapata 62 na kusema utafidia mbele. Mbele kuna mifupa 206, kisha misuli, kisha neva, na kila sura ni nzito kuliko iliyopita.

Kwa hiyo mpangilio ni huu, na nausema kwa uzito wote nilionao. Muhula wa kwanza chukua Kiingereza cha uandishi na Istilahi za Tiba. Hilo la pili lina krediti chache, na watu wanaliona la kupoteza muda kwa sababu mara nyingi haliko kwenye orodha ya lazima. Ndilo linalokufundisha kwamba hepat ni ini, nephr ni figo, itis ni uvimbe wenye maumivu, ectomy ni kukata na kuondoa. Ukiingia Anatomia ukiwa na mizizi hiyo, kila neno jipya unalifungua mwenyewe. Wakongomani mliosoma kwa Kifaransa mna mtaji mkubwa hapa: fémur, tibia na sternum mnavijua tangu shuleni, vinabadilika matamshi tu. Muhula wa pili chukua Anatomia ya kwanza, ukiisindikiza na somo moja jepesi kama Saikolojia, basi. Muhula wa tatu Anatomia ya pili na Takwimu. Wa nne Mikrobaiolojia na Saikolojia ya Makuzi. Kozi ya kiangazi ya wiki 8 iache kabisa, kwa sababu maudhui ni yale ya wiki 16, na saa za kila wiki zinakuwa mara mbili.

Mkiwa ndani ya kozi, muiogope maabara kuliko mhadhara. Mtihani wa vitendo unapita kituo hadi kituo: kila kituo kina mfano wa plastiki wenye pini au kibandiko, una dakika moja hivi, andika jina. Hakuna machaguo manne. Tahajia inahesabiwa. Ilium ni mfupa wa nyonga, ileum ni sehemu ya utumbo mwembamba, na herufi moja imewanyima watu alama zao. Michoro mizuri ya intaneti haitoshi, kwa sababu mtihani unatumia mifano ya chuo chako, yenye rangi zake na mikwaruzo yake. Uliza maabara inakuwa wazi lini nje ya kipindi, nenda na simu, piga picha kila mfano pande zote kama mwalimu anaruhusu, kisha ufunike majina na ujiulize mwenyewe. Chuo kina wasaidizi wa masomo wa bure. Nenda kwao wiki ya pili, usingoje ya kumi.

Na ukiona mambo yameharibika, jua tarehe ya mwisho ya kujiondoa kwa W, alama inayoonyesha uliacha somo katikati. Iko kwenye kalenda ya chuo. W haishushi GPA, ingawa baadhi ya programu zinaihesabu kama jaribio, na ofisi ya msaada wa fedha inataka uwe umekamilisha sehemu ya krediti ulizoanza, mara nyingi asilimia 67. W moja ina gharama. C ya kudumu ina gharama kubwa zaidi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba vipo vyuo vinavyochagua kwa bahati nasibu au kwa foleni miongoni mwa wote waliotimiza vigezo, na huko C inaweza kukuingiza. Kama chuo chako ni hicho, una nafuu. Lakini wangapi wameuliza kabla ya kuanza?

Nakubali pia kwamba kodi ya nyumba haingojei, na kwamba nyumbani kuna ada, kuna dawa za mama, kuna msiba kila mwezi. Hapa nawageukia nyinyi mlioko Dar, Mombasa, Bukavu na Bujumbura mnaosoma hii. Huyo anayewatumia pesa akiwaambia atapunguza kwa mihula minne, mwelewe anachokiomba. Anaomba saa za kulala na kusoma. Akipunguza dabo mbili kwa wiki anapata nafasi ya kuwa RN. Asipopunguza atabaki CNA anayewatumia kilekile miaka kumi ijayo, mgongo ukiwa umeharibika kwa kunyanyua wazee. Mkubalieni. Msimwite mchoyo.

Mengine yote ya maombi ni madogo ukilinganisha na hilo, ingawa yana mitego.

TEAS, mtihani wa kuombea nafasi ya uuguzi, kwa toleo la sasa la 7 ina maswali 170 kwa dakika 209. Hesabu zake ni za sehemu, uwiano na asilimia. Zinazowatega watu wetu ni aunsi, pauni, inchi na vikombe, kwa hiyo vikariri. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, usiache swali wazi. Kusoma kwa ufahamu ndiko kunakotuangusha, maana ni maswali 45 kwa dakika 55. Vyuo vingine vinatumia mtihani mwingine wa aina hiyo, HESI A2, hakikisha kabla ya kununua kitabu.

Mlioko California, sheria ya elimu inaviruhusu vyuo vya jamii vyenye waombaji wengi kuchuja kwa vigezo vingi, na kati ya hali za maisha inazozitaja imo hali ya ukimbizi, kipato kidogo cha familia, na kuwa wa kwanza katika familia kufika chuo. Uzoefu wa kazi umo pia, na kujua lugha nyingine isipokuwa Kiingereza. Kiswahili hakikutajwa kwa jina, ila orodha ya lugha haikufungwa, kwa hiyo uliza kwa barua pepe upate jibu la maandishi. Ni alama halali kabisa, na watu wetu wanaziacha mezani kwa kuona aibu kuandika kwamba walipitia kambi ya Nyarugusu au Kakuma. Tafuta kwenye mwongozo ni karatasi gani inayokubalika kama uthibitisho, uiambatishe.

Transkripti lazima zitoke kwenye kila chuo ulichowahi kusajiliwa, hata kile ulichoacha baada ya wiki tatu, na zitumwe na chuo chenyewe. Moja ikikosekana, faili linawekwa pembeni bila kusomwa. Vyeti vya nje vinapelekwa kwa wakala wa tathmini kama WES, na mara nyingi NECTA au KNEC, mabaraza ya mitihani ya Tanzania na Kenya, wanatakiwa kuthibitisha matokeo wao wenyewe, kazi inayoweza kula miezi. Jina la kwenye cheti lifanane na la kwenye kadi ya kijani (green card). Aliyeandikwa Mwajuma Saidi shuleni na Mwajuma Saidi Juma uhamiaji aandae kiapo mapema. Kama cheti kilipotea vitani, fanya GED, mtihani unaosimama badala ya cheti cha sekondari: masomo manne, alama 145 kwa kila moja.

Na asije mtu kukuuzia njia fupi. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 kwa kuuza zaidi ya diploma 7,600 za uuguzi za uongo kutoka shule tatu za Florida. Walionunua walilipa maelfu ya dola, na bodi za majimbo zikaanza kuzifuatilia leseni zao. Kabla hujalipa popote, tafuta jina la shule kwenye orodha ya bodi ya uuguzi ya jimbo lako, kisha uone kama ina ithibati ya ACEN au CNEA, mashirika yanayokagua ubora wa programu za uuguzi.

La mwisho ni afya, ambalo linaangusha watu wakiwa tayari na barua ya kukubaliwa mkononi. Ukishachaguliwa unapewa muda mfupi kukamilisha chanjo, kipimo cha dawa za kulevya, ukaguzi wa rekodi ya polisi na cheti cha BLS, mafunzo ya msingi ya kuokoa maisha. Bangi ikionekana kwenye mkojo unaweza kuipoteza nafasi hata kwenye jimbo linaloiruhusu. Kipimo cha kifua kikuu cha ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya BCG, chanjo ya kifua kikuu tuliyochomwa utotoni, ukapelekwa eksirei na maswali yasiyoisha. Omba kipimo cha damu, QuantiFERON, ambacho BCG haikivurugi. Chanjo ya homa ya ini B ya dozi tatu inachukua miezi 6 kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, kisha unangoja mwezi au miwili ndipo damu ipimwe kuona kama kinga imeshika. Hakuna chuo kitakachokungojea miezi minane, kwa hiyo chomwa dozi ya kwanza wiki ileile unayojiandikisha Anatomia.