"Hakuna kazi hiyo," akasema wakala

Nilimwomba wakala wangu wa akili mnemba anitafutie maandishi ya mahojiano niliyofanya na mama mmoja mwanika dagaa wa Kibirizi, hapa Kigoma. Sauti ya dakika arobaini, nilishaipeleka kwenye huduma ya unukuzi na kuilipia. Wakala akafungua orodha ya kazi zangu za nyuma, akaisoma, akajibu bila kusita: hakuna kazi hiyo. Kisha, kwa wema wake, akaipeleka faili upya. Nikalipa mara ya pili.

Kazi ilikuwepo. Ilikuwa ya 23 kutoka juu, na zana ambayo wakala aliitumia kusoma orodha hutoa kazi 20 kwa mkupuo pamoja na alama ya kuombea ukurasa unaofuata. Maelezo yake yote yalikuwa mstari mmoja: huonyesha kazi za unukuzi zilizopita. Hakuna palipoandikwa kwamba huonyesha baadhi tu.

Tangu kampuni ya akili mnemba ya Anthropic ilipotoa itifaki ya MCP, yaani kanuni za kuunganisha modeli na zana, Novemba 2024, utaratibu wa kuwapa mawakala zana umezoeleka: kila zana ina jina, maelezo kwa lugha ya kawaida, na vigezo inavyopokea. Modeli, yaani akili ya wakala, haioni programu iliyo nyuma. Inasoma maelezo, inaamua. Mtu akikutana na maelezo mabovu atabofya huku na huku, atanuna, mwishowe atampigia fundi simu. Wakala huamini alichosoma na kuendelea na kazi.

Wanaotetea maelezo mafupi wana hoja nzito kuliko wanavyopewa haki. Kwa kawaida maelezo ya zana huingizwa kwenye mazungumzo hata kama zana yenyewe haitaguswa. Mpe wakala zana thelathini, kila moja na aya tatu, ameshashiba kabla hujamwambia shida yako, na tokeni hizo, yaani vipande vya maneno ambavyo modeli husoma, unazilipia wewe. Kwa zana ya kuangalia kazi moja imefikia wapi, mstari mmoja unatosha kabisa. Ningepiga kura upande wao.

Ila orodha ina ujanja wake: hudanganya kwa kunyamaza. Chukua suala la saa. Mifumo mingi huandika muda kwa UTC, saa ya kimataifa, iliyo saa tatu nyuma ya hapa kwetu. Nikisema "ile niliyotuma saa mbili asubuhi", simu yangu inasoma 08:00, na orodha inasoma 05:00. Mbili, nane, tano, na wakati ni ule ule mmoja! Niliyoituma saa nane usiku wa kuamkia Jumatano itasomeka ni ya Jumanne, 23:00. Wakala akiambiwa alete za Jumatano ataiacha, na kwa hesabu yake hajakosea. Maneno manne, "muda wote ni UTC", yangemaliza mchezo. Kazi zilizokwama nazo zimo kwenye orodha; hilo pia lingesemwa kwa neno moja au mawili.

Pagumu ni kwenye majina. Sauti nyingi nazipokea kwa WhatsApp, kwa hiyo orodha yangu imejaa vitu kama PTT-20250611-WA0004.opus. Hapo wapo wanaosema orodha itoe na mistari michache ya mwanzo ya kila kazi, wakala atambue ipi ni ipi. Ingerahisisha sana, sikatai. Lakini mahojiano ya huku huanzaje? Jina, kijiji, mara nyingine namba ya simu, ndipo tuingie kwenye dagaa. Wakala anayemtafuta mama mmoja angemeza utambulisho wa watu wengine kumi na tisa ambao hawakukubali lolote la namna hiyo. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi linalojulikana na zisitumike kupita hapo.

Kwa hiyo mimi nasimama hapa: orodha itoe kichwa, urefu wa sauti, lugha na hali ya kazi, maandishi yaombwe kwa zana nyingine, kwa namba ya kazi husika. Na hilo liandikwe waziwazi kwenye maelezo, pamoja na onyo kwamba wakala asizifungue kazi zote moja moja kutafuta. Bila onyo hilo, wakala mwenye bidii atafanya hivyo hivyo, na tutakuwa tumefunga mlango tukaacha dirisha.

Gharama yake ni kwamba vichwa inabidi niviandike mwenyewe, na mimi ni mvivu. Siku hizi naandika "dagaa-kibirizi-mama-1" kabla ya kutuma. Wenye huduma niliwaandikia, wakaongeza sentensi moja kuhusu ukurasa unaofuata. Ya saa bado.