Kabla ya rangi, fungeni batani zenu

Jamani, vijana wetu wa Tanga wanaotengeneza apu wananiumiza roho. Mtu anafungua edita, kitu cha kwanza anahangaika na rangi, kivuli cha batani, logo izunguke. Juzi kijana mmoja wa Ngamiani kaniita nione apu yake ya kuagiza samaki, kwenye laptopu imependeza kwelikweli, tukaiweka kwenye simu, batani zote zimejazana kona ya juu kushoto, moja juu ya nyingine. Kijana wa watu akanyong'onyea, akaanza kuisingizia simu.

Simu haina kosa, na yeye simlaumu maana hakuna aliyemwambia. Kwenye Android Studio, ile programu ya kompyuta ya kutengenezea apu za Android, unaburuta batani unaiachia unapotaka, edita inakuonyesha imekaa palepale, unaridhika, kumbe ukitumia ConstraintLayout, yaani mpangilio wa skrini ambao kila kitu kinashikiliwa kwa kamba, na hiyo batani hujaifunga popote, apu ikiwaka batani inaenda sifuri sifuri, ndo kona ileile. Inatakiwa ushike vile viduara vya pembeni ya batani, uvute mpaka ukingo wa skrini au mpaka kitu jirani, angalau kamba moja ya kulia-kushoto na moja ya juu-chini. Ngalawa ukiiacha bila kamba maji yakijaa huikuti. Edita yenyewe inakuwekea alama ya onyo kwamba hapa hujafunga, ila watu wanaipita tu!

Na hili siyo la mapambo. Mama anayeuza samaki pale Deep Sea ana simu ndogo, kaweka maandishi makubwa kwenye setingi ili aone bila miwani, jua linawaka, vidole vina maji na magamba. Skrini yako ulioipimia simu moja tu ya kwenye edita ikifika kwake maneno yanakatika nusu, na batani ya kutuma oda imesukumwa chini haionekani kabisa. Yeye hatakupigia kulalamika, anafunga apu anarudi kupiga simu kama zamani. Inaniuma kwa sababu apu yenyewe ingemsaidia. Google wanashauri sehemu ya kubonyeza isipungue dp 48 kwa 48 (dp ni kipimo kinachojirekebisha kufuata skrini ya simu), na maandishi yapimwe kwa sp, kipimo cha herufi, ili yakue mtu akiongeza ukubwa wa herufi. Ukipima kwa piseli, vile vidoti vya skrini, kila simu inakuja na sura yake.

Haya, rangi nazo zina kazi, sikatai, maandishi ya kijivu juu ya kijivu hayasomeki juani. Lakini zije baadaye.

Kama laptopu yako haifikishi RAM ya GB 8 usijitese na Android Studio, ingia MIT App Inventor, chombo kingine cha kutengenezea apu, kwenye brauza, vitu unavipanga ndani ya visanduku vya HorizontalArrangement (kwa kulala) na VerticalArrangement (kwa kusimama), na ukiweka apu yake ya majaribio, MIT AI2 Companion, kwenye simu unaona mabadiliko hapohapo mkononi. Bando linaliwa kidogo, vumilia.

Nyie mnaofundisha kozi za apu hapa mjini, nawaomba kwa heshima zote, siku ya kwanza kabisa muwafundishe kufunga batani, halafu skrini hiyohiyo ifunguliwe kwenye simu za darasa zima. Simu zipo, kila mwanafunzi anakuja na yake, na hazilingani.