Tuna ndugu, lakini tunahitaji king'ora

Kila mafuriko yanapopiga nyumbani, kwenye makundi yetu ya WhatsApp ya Watanzania tulioko nje hakosekani mtu wa kuandika: "Angalau sisi tuna utu. Huko Ulaya mtu anafia ndani na jirani hana habari." Wenzake wanaitikia kwa viganja vya dua na mioyo myekundu, na mjadala unaishia hapo. Mimi naishi kwenye mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza ambako maji huingia ndani ya nyumba za watu majira ya baridi. Nimetokea Kilosa, mkoani Morogoro, ambako maji huingia vilevile. Maneno hayo yamenichosha, na naona yanatugharimu.

Bonde letu la mto Calder liko West Yorkshire. Miji yake, Todmorden, Hebden Bridge na Mytholmroyd, imebanwa katikati ya milima. Mto, mfereji wa zamani wa mashua za mizigo, reli na barabara kuu vyote vinapita bondeni humohumo, maana hakuna pengine pa kupita. Huko juu ni nyika yenye udongo wa mboji, ambao ukishashiba haupokei tena tone. Mvua ikinyesha usiku kucha, kukicha mto uko barabarani. Mtu wa Kilosa hahitaji maelezo zaidi. Mto wetu, Mkondoa, nao umeongozana na Reli ya Kati, na maji yanayotuzamisha mara nyingi si ya mvua iliyonyesha kwetu. Ni ya mvua iliyonyesha Mpwapwa na upande wa Dodoma. Unaweza kulala mbingu imejaa nyota ukaamshwa na maji yamefika kwenye godoro.

Hata miezi inakaribiana. Kilosa ilizama mwishoni mwa Desemba 2009 kuingia Januari 2010, tuta la mto lililojengwa enzi za mkoloni lilipokatika. Maelfu ya watu walipoteza makazi na treni za Reli ya Kati zikasimama kwa miezi. Bonde la Calder lilizama tarehe 26 Desemba 2015, siku moja baada ya Krismasi, na zaidi ya nyumba 2,000 zikaingiliwa na maji. Mimi hayo ya huku niliyakuta yakisimuliwa. Niliyoyaona kwa macho ni ya Jumapili, tarehe 9 Februari 2020, kwenye dhoruba waliyoipa jina Ciara.

King'ora kililia asubuhi. Ni mlio wa kupanda na kushuka, na king'ora chenyewe kimefungwa makusudi kwa ajili ya mto. Hukijaribu mara kwa mara, kwa hiyo hata watoto wadogo wanaujua. Lakini kabla hakijalia, simu ya mume wangu ilikuwa imeshapokea ujumbe wa tahadhari, na ujumbe wenyewe ulitaja mto kwa jina na kipande cha mji kilichokuwa hatarini. Tukawa na muda. Zulia likakunjwa na kupandishwa juu. Magodoro, vyeti, pasi za kusafiria, dawa ya pumu ya mtoto wangu wa pili, vyote juu. Mume wangu akapachika mbao za kuzuia maji mlangoni. Mimi nikajaza mifuko ya mchanga ndani ya choo cha chini, kwa sababu maji machafu ya mabomba ya taka hutangulia kupanda chooni hata kabla ya mto kufika kizingitini. Hilo alinifundisha bibi jirani yetu, mama wa makamo ya mama yangu mzazi, aliyekwisha kuzamishwa mara kadhaa maishani mwake. Alikuja kugonga mlango amevaa mabuti ya mpira na kuniuliza kama choo nimekiziba.

Maji yaliingia licha ya hayo yote. Yalikuja rangi ya chai ya maziwa, yakapanda kufika magotini, na kufikia jioni yalikuwa yameanza kujiondokea. Hakuna aliyeumia nyumbani kwetu.

Ubaya wa mafuriko ya majira ya baridi huanza maji yakishaondoka, na hili ndugu zangu wa nyumbani sidhani kama wanalipata vizuri nikiwaeleza kwa simu. Kilosa maji yakitoka jua linatoka. Nyumba ikiwa ya matofali ya kuchoma, utafungua madirisha, utaanika vitu uani, na baada ya siku chache nyumba ina harufu lakini imekauka. Ukuta wa udongo, huo umeshaanguka. Huku nyumba ni ya mawe mazito yaliyojengwa zamani, na mawe hayo yakinywa maji katika mwezi wa Februari hayana pa kuyapeleka. Boila ilikuwa chini, ikafa siku ileile, kwa hiyo ndani hapakuwa na joto wala maji ya moto. Nje theluji ikaanza kudondoka. Nilikuwa nafyagia tope kwa brashi ngumu, vidole vimekufa ganzi ndani ya glavu, kiasi kwamba nilipojikata kwa kipande cha kigae sikuhisi kitu mpaka nilipoona damu kwenye maji. Watoto walikaa ghorofani wamevaa makoti na kofia za sufu kitandani, wanatoa mvuke mdomoni, wananiuliza lini tutapata joto. Sikuwa na jibu.

Halafu wakaja mafundi, wakabandua lipu yote ya chini hadi usawa wa kifua changu, wakang'oa mbao za sakafu, wakafunga mashine za kuvuta unyevu. Mashine zile zinanguruma usiku na mchana kwa majuma na majuma. Zinakula umeme, na mita yetu ni ya kulipia kabla kama LUKU, hivyo ulikuwa unasikia pesa inavyokwenda. Mtoto mwenye pumu alianza kukohoa ukungu ulipojitokeza kwenye kona. Nyumba ya mawe huchukua miezi kukauka; wapo watu wa mtaa wetu waliorudi makwao msimu mwingine kabisa.

Sisi tulikuwa wapangaji. Bima ya mwenye nyumba inatengeneza kuta zake. Kochi lako, friji lako, viatu vya shule vya watoto wako havimo, mpaka uwe na bima yako mwenyewe. Wenye nyumba nao kwa miaka walikataliwa bima au walitajiwa bei isiyolipika, mpaka Aprili 2016 ulipoanza mpango uitwao Flood Re, ambao kampuni za bima huchangia ili nyumba za mabondeni ziweze kupata bima kwa bei inayobebeka. Nyumba zilizojengwa kuanzia 2009 hazimo, na mpango wenyewe umepangwa kufikia mwisho 2039. Baada ya Ciara serikali ilitoa pauni 500 kwa kaya iliyoingiliwa na maji, na hadi pauni 5,000 za kuiwekea nyumba vizuizi isizame tena. Pauni 500 kwa familia iliyopoteza kila kilichokuwa sakafuni ni kidogo, na foleni ya fomu ni ndefu. Sisemi huku ni peponi. Kuta za mto pale Mytholmroyd zilikuwa bado zinajengwa maji yalipokuja, miaka minne baada ya yale ya Krismasi, na watu walikuwa na hasira ya haki.

Lakini huyo jirani asiyejua habari yako, mimi sikumwona. Siku ile na zilizofuata, ukumbi wa mji uligeuzwa jiko, stoo na ofisi. Watu nisiowajua waliingia kwangu na koleo zao, wakabeba tope kwa ndoo, wakaondoka bila kuniambia majina. Jirani mmoja wa mtaa wa juu alichukua nguo zetu zote zenye matope, akazirudisha zimefuliwa na kukunjwa, soksi za watoto zimeunganishwa mbilimbili. Kuna wanajeshi walioletwa kusaidia kuweka vizuizi kabla ya dhoruba ya juma lililofuata, ile ya Dennis. Na wapo watu wa kujitolea ambao hata jua likiwaka wanapanda kwenye msitu wa Hardcastle Crags kulaza magogo kwenye vijito, ili maji ya milimani yashuke taratibu. Hao wanaonyesha utu wao mwezi wa Juni, kwa ajili ya mtu atakayezama Desemba.

Ndiyo maana siwezi tena kukubali ule mgawanyo wetu, kwamba wao wana mifumo na sisi tuna watu. Wao wana vyote viwili. Sisi tumebakiziwa kimoja, na tumekisifu mpaka tumesahau kudai kile kingine.

Tena tukisifie kwa hesabu kamili. Mafuriko yale ya Kilosa, mama mdogo alikuwa anakaa sehemu ya mwinuko. Walihamia kwake ndugu, wakwe, majirani wa ndugu, na watoto ambao mpaka leo hajui vizuri walikuwa wa nani. Nyumba ya vyumba viwili, choo kimoja cha shimo ambacho nacho kilikuwa kimejaa maji. Gunia la mahindi lililokuwa lifike mpaka mavuno liliisha kabla ya Februari. Alikuwa anaamka alfajiri kuchemsha maji ya kunywa kwa kuni mbichi akiogopa kipindupindu, na analala wa mwisho, sakafuni mlangoni. Hakuna aliyemfidia hata debe moja. Hakuna aliyeandika jina lake popote, kwa sababu orodha za msaada zilikuwa za waliozama, na yeye hakuzama. Walioshindwa kupata ndugu wa mwinuko walikwenda kwenye mahema, wakakaa humo muda mrefu kuliko hema linavyokusudiwa kukaliwa. Ninapoambiwa "sisi tuna utu", namwona mama mdogo na lile gunia tupu. Utu una bei, na kwetu anayeilipa ni mwanamke mwenye nyumba kwenye mwinuko.

Sasa nije kwenye king'ora. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa taarifa, na ngazi zake ni tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Huku Uingereza nazo ni tatu. Tatizo ni pale taarifa inaposomeka "vipindi vya mvua kubwa vinatarajiwa katika baadhi ya maeneo ya mikoa ya Morogoro, Dodoma, Pwani na Dar es Salaam". Mkoa wa Morogoro ni mkubwa kuliko nchi kadhaa za Ulaya. Mkulima wa Kilosa afanye nini na sentensi hiyo? Ahame? Kila mara? Anaisikia redioni, anaangalia juu, anaona mawingu ya kawaida, analala. Anachohitaji ni mtu wa kumwambia kwamba mto huko juu, Gulwe au Godegode, umepanda kiasi hiki, na kwa mwendo wake utafika hapa baada ya muda fulani. Maji yanasafiri. Kutoka kule mpaka mjini kuna saa za kutosha kubeba mtoto, kufungua mbuzi na kuinua gunia la mbegu.

Na tusiambiwe hatuna uwezo. Reli mpya ya kisasa, SGR, ilipopita Kilosa ilichimbiwa mahandaki milimani, ikaepushwa na ule mto uliokuwa ukiimeza reli ya zamani. Wataalamu walikaa, wakapima maji, wakajua yanapita wapi na yanapanda kiasi gani, treni ikaokolewa. Nafurahi kwa treni. Hesabu ileile ya maji iwafikie na watu wanaoishi chini yake.

Kwenye kundi letu la wana Kilosa tulioko nje, kila msimu tunachangishana: magodoro, mablanketi, unga, maharage. Nimechanga na nitaendelea kuchanga, maana anayelala chini leo hawezi kungoja sera. Lakini mwaka huu nimeweka hoja nyingine mezani. Sehemu ya mchango wetu iende kwenye nguzo za kupimia kina cha mto, zilizochorwa rangi ili hata asiyesoma namba aelewe, na posho kwa wasomaji wawili wa kupokezana usiku wakati wa mvua, wenye simu iliyojazwa salio. Wakipiga simu, mwenyekiti wa kitongoji anajua nani wa kumwamsha. Vipaza sauti vya misikiti vipo tayari. Kengele za makanisa zipo tayari. Wahusika wapigwe msasa tu kuhusu nani anaanza na mlio gani una maana gani, na wajaribu mara kwa mara mpaka watoto waujue.

Baadhi wamenijibu kwamba hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli ni kazi ya serikali, na barua kwa halmashauri tumeshaiandika tukiomba waichukue. Mzee mmoja, ambaye namheshimu sana, aliuliza swali zuri kuliko yote: msomaji wa kipimo akiugua usiku wa mvua, nani anakaa badala yake? Tunatafuta mtu wa tatu, anayeishi karibu na mto na asiye na usingizi mzito. Mama mdogo amesema anamfahamu mmoja.