Mdudu wa jino na vitabu vya kale

"Dokta, jino hili limeliwa na mdudu." Aliyefanya kazi kwenye kliniki ya meno kwetu ameshaisikia kauli hiyo, na mwanafunzi wa mazoezi hujikaza asicheke. Asingecheka kama angewahi kufunuliwa kitabu cha Pierre Fauchard, daktari wa meno Mfaransa, juzuu mbili zilizochapwa Paris mwaka 1728. Ulaya nao walimwamini mdudu huyo kwa karne nyingi. Fauchard alimtafuta kwa hadubini, asimwone, akaandika hivyo. Lakini huyohuyo aliwashauri wenye maumivu ya meno wasukutue kwa mkojo wao wenyewe. Mwanafunzi akizisoma habari hizo mbili kwa macho yake, hatazisahau upesi. Ndiyo maana naona wanafunzi wa udaktari wa meno wapelekwe kwenye makusanyo ya vitabu vya kale.

Wanaopinga kuwapeleka wanafunzi kwenye makusanyo ya vitabu vya kale wana hoja nzito. Ratiba imejaa. Kung'oa, kuziba na kutibu mizizi ya jino ni kazi za mkono, na mkono usiozoeshwa huumiza watu. Hakuna mgonjwa atakayeuliza chuo cha kwanza cha udaktari wa meno kilifunguliwa lini (ni Baltimore, Marekani, mwaka 1840). Tena historia yenyewe mara nyingi hufundishwa kama orodha ya mashujaa. Hapo nakubaliana nao kabisa: somo la namna hiyo lifutwe.

Lakini makusanyo hayahifadhi sifa tu. Daftari la hesabu za George Washington, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Marekani, la mwaka 1784 linaonyesha malipo kwa watu weusi kwa meno tisa. Na kati ya 1945 na 1955, katika hospitali ya Vipeholm, Lund, nchini Sweden, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa tofi zinazonata ili ionekane kama meno yataoza. Yalioza. Ushauri tunaowapa akina mama kila siku, kwamba mtoto asipewe peremende ovyo katikati ya milo, umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya meno ya watu wale, ambao hawakuwa na uwezo wa kukubali wala kukataa. Kuwafundisha wanafunzi ushauri huo na kuwaficha ulikotoka naona ni dhuluma ya pili.

Kwa ziara hiyo, saa mbili ndani ya somo la maadili zinatosha, bila mtihani.

Nasi tuna rafu yetu ya kujaza. Imani ya "meno ya plastiki", yaani kwamba vijimeno laini ndani ya fizi ndivyo vinavyomwuguza mtoto, iliyoenea Tanzania miaka ya 1980, iliwafanya watoto wachanga wenye homa na kuhara wachokolewe fizi, wang'olewe vijimeno ambavyo bado havijaota. Madaktari waliowapokea waliandika, na wazee wanaokumbuka wapo. Daktari kijana atakayeketi na mama mwenye hofu hiyo anazihitaji habari hizo kuliko anavyomhitaji Fauchard. Zikusanywe sasa, ziwekwe kwenye kabati linalofunguka, na awepo mkutubi anayejua kila moja iko wapi.