Penalti ya Okello na bei za Kundi C

Desemba 27, 2025, kwenye kibanda kimoja cha mpira hapa Kisenyi, Kampala, watu walikuwa wamepanda juu ya mabenchi. Uganda na Tanzania zilikuwa 1-1 kule Rabat kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, dakika za nyongeza, na Allan Okello wetu wa Uganda ameuweka mpira kwenye alama ya penalti. Akaupaisha juu ya mtambaa panya. Kibanda kizima kikanyamaza.

Tangu siku hiyo nabishana na wenzangu kuhusu zile bei za masoko ya utabiri. Nigeria ilipewa nafasi kubwa ya kuongoza Kundi C, Tunisia ikafuata, sisi na Tanzania tukawa vibonde. Je, soko lilipatia?

Soko hilo si sawa na kampuni za kubeti tulizozizoea. Kampuni hupanga odi zake, yaani kiwango cha malipo ukishinda, na kujiwekea faida humo humo. Ukizigeuza odi za timu nne kuwa asilimia, jumla hupita 100. Kwenye soko la utabiri, watu huuziana jibu. Tuseme hisa ya "Nigeria itaongoza kundi" inauzwa senti 60. Ikitokea, unalipwa dola 1. Isipotokea, huna kitu. Bei hiyo ni kama kusema uwezekano ni asilimia 60 hivi. Anayeona imekosewa ananunua au anauza, na bei inasogea.

Wanaolitetea wana hoja nzito. Nigeria ilishinda mechi zote tatu, Tunisia ikawa ya pili kwa pointi 4, sisi tukaburuza mkia na pointi 1. Sisi mashabiki tulikuwa bado tumelewa CHAN ya Agosti, tulipoongoza kundi letu pale uwanja wa Namboole. Lakini CHAN ni ya wachezaji wa ligi za ndani pekee. Aliyeweka fedha zake alilazimika kuikumbuka tofauti hiyo. Wengi wetu hatukutaka kuikumbuka.

Hata hivyo, itazame Tanzania. Ilimaliza na pointi 2 tu, bila ushindi wowote, ikatinga 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yake. Katika kugombea nafasi za timu bora zilizomaliza za tatu, ililingana na Angola kwa pointi na kwa tofauti ya magoli, ikapita kwa sababu ilifunga 3 na Angola 2. AFCON ina timu 24 na 16 huvuka makundi, yaani theluthi mbili. Kwa hiyo timu inaweza kuwa na senti chache sana kwenye swali la kuongoza kundi, na bado ikawa na nafasi nzuri ya kuvuka. Hapa ndipo watu wengi huteleza: wanaiona bei ya swali la kwanza, wanaifanya jibu la swali la pili. Penalti ile ingeingia, tungekuwa na pointi 3, na matokeo mengine yakibaki yalivyo, zingetosha kutuvusha.

Kinachonisumbua zaidi ni wingi wa biashara yenyewe. Bei ina akili pale watu wengi wenye taarifa wanapovutana. Nyota wa Nigeria huonekana Ulaya kila wiki, lakini ni wangapi kati ya wanunuzi hao wamewahi kutazama ligi yetu? Soko likiwa na wanunuzi wachache, mtu mmoja mwenye fedha anaweza kuisogeza bei bila kujua lolote kuhusu Cranes, timu yetu ya taifa. Kwa hiyo mimi naiamini bei ya kileleni mwa kundi. Ya mkiani naitilia shaka.

Ndiyo maana huniuma kijana anapoonyesha asilimia kwenye simu kama ahadi. Sheria yetu ya mwaka 2016 inamkataza aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari, na jina jipya la "soko" halibadilishi kinachomtoka mfukoni.

AFCON ya 2027 tunaiandaa sisi, Kenya na Tanzania. Makundi yakishapangwa, nitaanza na bei ya kuvuka, kisha niangalie ni kiasi gani kimeuzwa.