Hilux ya Shemeji Ilipoota Mapembe

Ugomvi wa shemeji na Hilux yake, Vigo ya 2013, ulikuwa mmoja tu: eti inainama mbele. "Shem, nikiipaki pale sokoni inaonekana inaomba radhi," aliniambia. Nikachukua futi kamba nikapima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi. Kupima kutoka ardhini hakufai, upepo wa tairi unadanganya. Mbele palikuwa chini kwa sentimita tatu. Hiyo si kasoro: kiwanda kinaacha nyuma juu makusudi, ukishapakia magunia springi za majani zinakaa na gari linanyooka lenyewe.

Hakutaka kusikia habari za magunia. Basi nikamwambia atafute spesa, vipande vya chuma vya kuweka juu ya shokapu, milimita 15. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Tofauti ni tatu, wewe unanipa moja na nusu? Fundi mzima hesabu hujui?"

Nikamweleza taratibu. Shokapu ya mbele haikai pale tairi ilipo. Inashika amu ya chini, ule mkono unaobeba gurudumu, karibu na katikati yake. Kwa hiyo kila milimita unayoongeza juu ya shokapu, tairi inasukumwa chini karibu milimita mbili. Weka 15, utapata kama sentimita tatu za urefu. Akaitikia kwa adabu zote, akaaga, akaenda moja kwa moja kwa fundi wa kukereza kuchongesha spesa za sentimita tano. Tatu za kusawazisha, mbili za heshima.

Kazi yenyewe si ngumu ukiifuata. Jeki, stendi mbili chini ya chesisi, tairi nje. Unafungua nati tatu za juu ya shokapu, linki ya stabilaiza, boljointi ya juu na bolti ya chini ya shokapu. Amu inashuka, shokapu inatoka na springi yake. Ile nati ya katikati haiguswi kabisa. Ukiifungua bila kibano cha springi unaweza kukutwa huko juu kwenye bati. Unafunga spesa juu ya zile bolti tatu, unarudisha, na bolti za amu unazikaza gari likiwa limeshakaa chini kwenye tairi zake, la sivyo bushi zinajikunja na kuchanika mapema.

Vijana waliomfungia walifika pa kurudisha wakakwama. Amu haikushuka ya kutosha. Wakaleta mtaimbo, wakaukalia wawili, ikaingia. Mimi nasema hivi: kitu kinachohitaji matako ya watu wawili ili kiingie kwenye suspensheni, hicho si cha hapo.

Pua ikapanda karibu sentimita kumi. Shemeji akaona tairi sasa zinaonekana ndogo, akatoa 265/65R17 akaweka 285/70R17. Kipenyo kikatoka milimita 776 hadi 831. Na rimu akabadilisha: za zamani zilikuwa ET30, hizi mpya ET0 (ET ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapofungwa kwenye habu; ikipungua, tairi inatoka nje), maana yake kila tairi imetoka nje sentimita tatu na inapokata kona inafagia duara kubwa zaidi. Nilipomuuliza kama hazitagusa, akanionyesha pengo la juu. "Ngumi inapita, shem!"

Ngumi inapita gari likiwa limesimama. Spesa inabadilisha mahali gari linapopumzika tu. Tairi ikipanda kwenye shimo inafika kulekule ilikokuwa inafika zamani, ila sasa inafika ikiwa nene.

Safari ya kwanza tulikwenda Ifakara kuchukua mpunga. Kwenda ilikuwa kelele tu. Kila tuta tulilolivuka, magurudumu ya mbele yakishuka upande wa pili, "ngo!" Amu za mbele zilikuwa zimeshashuka karibu mwisho wake, hazina pa kushukia tena. Dada, aliyekaa mbele, akauliza nani anagonga. Shemeji akasema ni mkao wa kispoti.

Kurudi ndiko kulikuwa na mambo. Magunia manane nyuma, springi zikakaa kama kiwanda kilivyopanga, na pua iliyokuwa juu ikazidi kuangalia mbinguni. Jua lilipozama akawasha taa. Barabara ikabaki giza, lakini miembe yote ya kando tuliiona tawi kwa tawi. Dada alituhesabia na viota. Kila lori lililokuja lilitumulika kwa hasira, na shemeji akiwapungia mkono akidhani wanaisifia gari.

Trafiki akatusimamisha kwenye kibao cha 50. Tochi yake ya kupima mwendo ilisoma 55.

"Afande, mimi nilikuwa 52, nimeiangalia mwenyewe!"

Na kweli dashibodi ilisema 52. Spidometa inahesabu mizunguko, haijui tairi imekua. Tairi ikizidi kipenyo kwa asilimia 7, gari nalo linazidi vivyo hivyo bila sindano kujua. Shemeji akanigeukia nimtetee. Nikaeleza jambo hilo kitaalamu, kwa namba zote. Afande alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo mwenzako alikuwa anavunja sheria hata hizo 52," akaandika 30,000.

Tulipoingia sheli kuweka mafuta, akakata usukani mpaka mwisho kuifuata pampu. Tairi ya kushoto ikaikamata plastiki ya ndani ya madigadi, ikaing'oa pamoja na raba ya kuzuia tope, ikazunguka nayo. Kijana wa pampu alikimbia. Nikainama na tochi ya simu kuitoa, nikakuta rimu mpya imepakwa grisi nyeusi kwa ndani: raba ya sivi jointi, kile kiungo cha shafti inayozungusha tairi ya mbele, imechanika. Shafti ilikuwa inazunguka imepinda kuliko ilivyotengenezwa, na mikunjo ya raba ikisuguana yenyewe inakatika. Tukaenda polepole, na kila kona ikatusindikiza na "ka-ka-ka-ka".

Gereji kwangu nilitoa kila kitu. Sivi jointi ilikuwa imeshakula mchanga, ikabadilishwa nzima. Spesa za milimita 15, rimu zake za zamani, tairi 265/70R17 zenye kipenyo cha milimita 803: zimejaa machoni, hazigusi, na sindano inakosea kama asilimia tatu na nusu. Alaimenti ikafuata, maana ukinyanyua mbele kasta (mlalo wa mhimili ambao tairi hukatia kona) inapungua na usukani unatangatanga, na too (tairi kuelekea ndani au nje) ikiachwa ovyo tairi mpya zinakwisha upesi. Taa nikazielekeza ukutani: gari umbali wa mita 10, mwanga mdogo ukatike sentimita 10 chini ya kimo cha taa. Nati za rimu atarudi kuzikaza baada ya kilomita 100, nimemwambia mbele ya mkewe ili asisahau.

Vile vipande viwili vya sentimita tano nilimkabidhi kwenye mfuko. Vizito, vimekerezwa vizuri, vinang'aa. Dada alivigeuzageuza mkononi, akamtazama mumewe.

"Ungechongesha na cha tatu, baba, leo ningekuwa na mafiga."